Nafasi ya Asiyekuja

Kanuni ile Tadea aliitunga mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Enzi za Raimundi, kikundi cha maigizo cha Maguu kilikuwa kama mali yake: yeye mwenyekiti, yeye mfalme, yeye bwana harusi, wengine wote wapiga makofi. Walipomng'oa uenyekiti, Tadea akasimama akasema kuanzia leo mwenyekiti hachukui nafasi kwenye igizo. Atashika ya asiyekuja tu. Wakamshangilia, wakamchagua palepale. Hapo ndipo aliponasa.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuziba mapengo: mganga, polisi, siku moja hata mbuzi. Kila alipoomba kupumzika walimwambia, "Dada Tadea, ukiachia, si atarudi yule?" Naye akavaa tena nguo za asiyekuja, maana ni kweli angerudi.

Mwaka huu akatunga igizo la mama yake, aliyepanda maharage katikati ya mibuni ya mumewe ili watoto wapate kula, akapigwa kwa hilo mpaka kijiji kizima kikajua. Nafasi ya mama aliitamani mpaka akakosa usingizi. Akaiomba, mara hii moja tu. Raimundi akacheka.

"Mwenyekiti, kanuni si yako mwenyewe?"

Nafasi akapewa Mektilda. Ya mume akaichukua Raimundi.

Siku ya onyesho uwanja wa kanisa ulijaa. Mama yake Tadea alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Raimundi hakutokea, alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Uongo mtupu, na kila mtu alijua. Lakini maneno ya mume hakuyajua mwingine yeyote isipokuwa mtunzi.

Tadea akavaa koti, akashika fimbo. Mwanzoni alisema aliyoyaandika. Kisha kinywa kikaanza kutoa ambayo hakuyaandika, maneno ya baba yake yaleyale, aliyokuwa akiyasikia utotoni amejibanza nyuma ya mlango. Watu wakaangua vicheko. Fimbo ikashuka.

"Dada, unaniumiza kweli," Mektilda akanong'ona.

Tadea akainua macho. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Kisha akanyanyuka, akapita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, akashika njia ya nyumbani. Tadea alitamani kuitupa fimbo amkimbilie. Lakini igizo lilikuwa limebakiza sehemu mbili, na zote mbili mume yumo.