Ramani Inasema Magofu

Ramani yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mwaka 1957, imechanika kwenye mikunjo, lakini wakili wa kina Arredondo, wenye shamba kubwa la bondeni, aliitandaza mbele ya hakimu kwa mbwembwe zote. Palipokuwa na nyumba kumi na moja za kijiji cha Qolpapata, mchoraji aliandika neno moja tu: magofu. Basi, wakili akasema, hawa wakulima wa viazi ni wavamizi wa juzi, mlima wote ni wa wateja wake.

Bibi Casimira Huallpa alikuwa ameketi kwenye benchi la wanakijiji. Mwanawe Fortunato, mwenyekiti wa kijiji, alimnong'oneza yaleyale ya miaka mitatu ya kesi hii: laiti angemjua mshenzi aliyewadanganya wapima ardhi.

Mshenzi alikuwa mama yake. Mwaka ule zilivuma habari kwamba vijana wanakamatwa kupelekwa jeshini. Wanaume wakaezua mapaa ili nyumba zionekane zimeachwa, wakazima meko, wakapanda mlimani kujificha. Casimira, msichana wa miaka kumi na minane, akaachwa na kondoo. Wapimaji walipomuuliza nyumba hizo ni za nani, akawajibu ni za watu wa kale, waliokufa kabla jua halijaumbwa, na anayezisogelea huoza mifupa. Mkubwa wao akaandika alichoandika akiwa ng'ambo ya mto, wakaenda zao. Kijiji kizima kilicheka mpaka mbavu zikauma. Waliocheka wote wameshakufa, akabaki yeye na siri yake.

Akapiga moyo konde, akasimama, akasema yote.

Wakili akatabasamu. "Kwa hiyo, bibi, uliidanganya serikali?"

"Nilidanganya, baba. Nilijua wamekuja kuwachukua kaka zangu."

"Na leo tutajuaje kwamba hudanganyi?"

Hakimu akamwambia karani aandike kwamba shahidi amekiri kusema uongo kuhusu mahali hapo, kisha akaitaja siku ya hukumu.

Nje, wanakijiji walimpisha bila neno. Heri wangemzomea.

"Nitukane basi, mwanangu," alimwambia Fortunato.

Fortunato akamshika mkono. "Wajomba zangu walipona?"

"Walipona wote."

"Haya, mama, twende," akasema. "Tukachimbe viazi, hata vile vidogo, kabla ya siku ya hukumu."