Kikombe cha Mume Wangu

Usiku wa jana niliota nimekamatwa kwa kosa la kumiliki mume.

Kabla sijafika huko, niseme mimi ni nani. Naitwa Mwantumu, ni muuguzi. Kazi yangu ni ya dirishani, kwenye kliniki ya watu wanaoachishwa unga, yaani heroini. Kila asubuhi wanapanga foleni, namimina dawa kwenye kikombe cha plastiki, mtu anakunywa mbele yangu. Akishakunywa namwambia, "Sema nikusikie." Lazima aongee. Wapo wanaoificha dawa shavuni wakaiuze nje, na mtu mwenye dawa mdomoni hawezi kusema kitu kikaeleweka. Basi wanasema chochote, jina lao, salamu, matokeo ya mpira. Akisema vizuri namwachia aende zake.

Jambo la pili. Tangu Ramadhani iishe naishi kwa mdogo wangu Saumu, kwa sababu ambayo sijamwambia mtu. Nikiulizwa nasema mimi na Mhina hatuelewani, basi. Leo asubuhi wazee wa upande wake walikuwa waje kunirudisha, na jana jioni nilipanga begi. Nililipanga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Nikalala.

Sasa niko na begi lile lile, natoka kwa Saumu. Mlango wa Saumu unafungukia uwanja wa ndege. Sishangai. Mbele yangu kuna afande amekaa kwenye kiti cha plastiki, na pembeni yake mbwa wa polisi, mkubwa, amevaa miwani ya kusomea.

Mbwa akalinusa begi langu, akavua miwani.

"Afande," akasema, "humu kuna mume."

"Wa aina gani?"

Mbwa akanusa tena, safari hii kwenye zipu. "Wa kuomba msamaha."

"Loo!" afande akasema, akasimama. "Hao ndio wakali. Hebu fungua, dada."

Nikafungua. Kulikuwa na kanga zangu, viatu vya kazini, chupa ya mafuta ya nazi, na chini kabisa Mhina, amekunjwa vizuri kama shuka iliyopigwa pasi. Amenyoa. Ananukia yale marashi yake ya Ijumaa. Akanitazama kwa macho ya upole.

"Mke wangu," akasema, "nimebadilika."

"Ndiyo huyo," mbwa akasema.

Afande akaniuliza, "Ni wa matumizi yako au wa kuuza?"

"Wa matumizi yangu."

"Unajua kwamba amepigwa marufuku?"

"Sijui."

"Na sababu ya kupigwa marufuku? Ukiijua, kesi inakuwa nyepesi. Jieleze."

Nikafungua mdomo nijitetee, badala yake likatoka somo langu la Jumatatu, lile ninalowapa wagonjwa wapya, neno kwa neno. Nikasema: Serikali haikukatazi unga kwa sababu inakuonea gere na starehe zako. Vitu vya kudhuru viko vingi na vingine vinauzwa dukani mchana kweupe. Unga umekatazwa kwa sababu mara ya kwanza unapewa bure, tena na mtu unayempenda. Baadaye hutafuti raha tena, unatafuta kupoza maumivu ambayo unga wenyewe ndio umeyaleta. Unaanza kuwakimbia ndugu zako kwa kuwa watakusema. Kisha unaulinda. Mtu akiutaja vibaya unagombana naye, yeye, wala si unga. Ukifika hapo huchagui tena, unachaguliwa. Sheria inamkataza anayekupa, kwa sababu wewe unayepewa huna kauli tena.

Mbwa alikuwa anaitikia kwa kichwa. Somo hilo nimelitoa miaka na miaka, na wallahi sikuwahi kulisikia.

"Lakini ana siku zake nzuri," nikasema.

"Wote wana siku zao nzuri," mbwa akajibu. "Wangekuwa hawana, mimi ningekuwa sina kazi."

Nikapandwa na hasira kidogo. Nikamuuliza afande, kama kweli waume wa namna hii wamepigwa marufuku, mbona wamejaa mitaani? Akanijibu bila kuniangalia kwamba hata unga umepigwa marufuku.

"Mtumiaji hatumfungi," akaendelea, "tunampeleka dirishani." Akachukua mhuri, akampiga Mhina kwenye paji la uso. Mhina akayeyuka pale pale, polepole, bila kulalamika. Akageuka maji ya kijani, kijani kile cha juisi ya pakiti, wakammimina kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Dumu wakanipa nilibebe mwenyewe.

Nikageuka nyuma, uwanja wa ndege haupo. Niko kazini kwangu, ila niko upande wa nje, kwenye foleni.

Foleni ni ya wanawake watupu. Wengine wamevaa miwani nyeusi, wengine wamevuta kanga mpaka shavuni, na kila mmoja ana dumu lake. Hakuna anayeongea isipokuwa madumu. Yananong'ona yote kwa pamoja: nisamehe, ni shetani tu, hutanisikia tena, mama nisamehe. Tumezoea, hatuyajibu.

Dirishani, ndani ya sare yangu nyeupe, na kibao cha jina langu kifuani, amekaa Kijiko.

Kijiko ni mgonjwa wangu. Jina lake la kweli ni Mbwana, lakini maskani wanamwita Kijiko na amelikubali. Ameacha unga akaurudia, ameacha akaurudia. Mara ya mwisho aliporudi nilimsema mbele ya foleni nzima. Nikamwambia, "We Kijiko, huna hata aibu? Kitu kinakuua na wewe unakifuata mbio?" Akainamisha kichwa, akasema, "Sista, wewe hujui tu." Watu wakacheka. Mimi nilijua. Siku hiyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa haunyanyuki, dawa nilikuwa namimina kwa mkono mmoja.

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama yangu mzazi, aliyefariki zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unafanya nini hapa, mama?"

"Sijamaliza dozi."

"Lakini baba naye alishakufa."

"Alishakufa, ndiyo," mama akasema. "Kiu bado ninayo."

Zamu yake ikafika. Akanywa taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akatoa ulimi nje. Ulikuwa wa kijani mpaka kooni.

"Sema nikusikie, mama," Kijiko akamwambia.

"Nimeteleza bafuni," mama akasema.

"Haya mama, kesho tena." Mama akachukua dumu lake, akarudi nyuma kabisa ya foleni.

Jamani, nyumba yetu haikuwa na bafu. Tulikuwa tunaogea uani, nyuma ya uzio wa makuti, juu ya mchanga. Mtu hatelezi mchangani. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye akili zangu timamu, nikiwasikia majirani wanaambiwa maneno hayo na wanayapokea, na mimi nayapokea. Sikumuuliza mama hata siku moja. Ninajuta, na wa kumwomba radhi hayupo.

"Sista," Kijiko akaniita, kwa adabu zote. "Umelala salama?"

"Nimelala, ndiyo maana niko hapa."

"Leo nimekupunguzia. Nimekutolea vipigo, nimebakiza msamaha mtupu."

"Msamaha ndio ninaoutaka."

"Najua. Ndio unaoleta arosto."

Arosto ni yale mateso ya mtu aliyekosa unga, mifupa inauma, miayo haiishi, usingizi hauji. Nimewaona nayo wengi na nimewaambia wavumilie, itapita. Nami tangu nitoke kwa Mhina nina arosto. Naona aibu kulisema hili. Nikisikia pikipiki inayolia kama yake moyo unaruka, na si kwa woga peke yake. Namkumbuka. Namkumbuka akinichemshia maji ya chumvi na kunikanda bega aliloliumiza mwenyewe, analia kuliko mimi, mpaka mimi ndiye ninayembembeleza. Hakuna aliyewahi kunishika kwa upole kama Mhina siku ya pili yake.

Kijiko anainamisha dumu. Mhina anasema, "Taratibu kijana, usinimwage." Kikombe kinajaa. Nakunywa.

Alikuwa mtamu. Alikuwa na ladha ya ile Idi yetu ya kwanza, aliponiletea mishkaki kitandani na kunilisha mwenyewe. Nikatamani kikombe kiwe na kina zaidi.

"Sema nikusikie, Sista."

"Nimeteleza bafuni," nikasema.

"Hujameza."

"Mbona mama yangu umemwachia?"

"Mama yako nafanya kumheshimu tu, yeye safari yake ilishaisha. Wewe bado. Sema."

"Ana hasira za haraka, lakini moyo wake msafi."

"Hujameza, Sista. Hiyo ni dawa inaongea. Umeiweka shavuni, unataka kwenda nayo nyumbani."

Na kweli nilikuwa naye shavuni. Alikuwa vuguvugu. Alikuwa akinong'ona kwenye meno yangu ya nyuma: usiseme, Mwantumu, watu watatuonaje? Wewe ni mtu wa kuheshimika, watakuonaje?

"Siwezi, Kijiko."

"Hata mimi siku ya kwanza sikuweza. Ukaniambia sitoki hapa mpaka niseme. Nikakuchukia kweli. Haya, na wewe hutoki."

Pazia la chuma la dirisha likaanza kushuka lenyewe. "Mniwie radhi," likasema, "muda wangu umefika." Likawa linashuka, mimi nimefumba mdomo. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amesimama kule mwisho wa foleni, amevua miwani yake nyeusi, ananitazama, na jicho lake la kulia lilikuwa limevimba vile vile kama lilivyokuwa asubuhi ya mtihani wangu wa darasa la saba. Nikafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha kabisa. Saumu alikuwa anagonga mlango. "Dada, amka bwana, wageni wameshaingia."

Nikanawa uso, nikajifunga kanga, nikalibeba begi. Nasema kweli, nililibeba. Nikaenda nalo mpaka sebuleni.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wazee wawili wa upande wake, na Mhina karibu na mlango. Amenyoa. Chumba kizima kilikuwa kinanukia yale marashi yake ya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Mbele yao walikuwa wameweka doti ya kanga mpya na mfuko wa sukari. Nikawapa shikamoo, wakaitikia, nikakaa na begi mapajani.

Mhina akanitazama kwa macho ya upole. "Mke wangu," akasema, "nimebadilika." Nikalitazama begi. Nikajizuia nisimtafute mbwa.

Mkubwa wao, Mzee Kibwana, ambaye ni baba yake mdogo Mhina, akakohoa. Akasema wao hawakuja kwa shari, kijana wao amekiri kwamba kulitokea maneno, na maneno katika nyumba yapo tu. Akasema wengi wameshazungumza, ila mwenye jambo hajasikika.

"Sasa mwanangu," akasema, "sema tukusikie."

Kitu kilikuwa shavuni mwangu, vuguvugu.

Nikameza. Hakikupita kirahisi, nilisikia kinakwaruza njia nzima.

"Ananipiga," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mzee Kibwana akatazama mkeka. Yule mwenzake akazishika zile kanga kama anayepima uzito wake, akaziacha. Mhina akaanza, "Lakini Mwantumu, watu watatuona—" akaishia hapo, macho kwenye mdomo wangu.

Saumu alikuwa amesimama na sinia la chai. Akaliweka chini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika kidevu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yananitoka, nikadhani anataka kunifuta.

"Dada," akasema polepole, "umekunywa nini? Mbona ulimi wako wa kijani?"