Mguu wa Meza ya Kukatia

Binti yangu mkubwa ni fundi cherehani, na mdogo wake ni mwalimu wa chekechea. Mkubwa hupima watu kwa futi. Mdogo huwapima kwa macho, na kwake huwa hawatoshi.

Dukani kwa Fundi kuna meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mguu mmoja wa meza hiyo umelika kidogo karibu na sakafu, ukang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo mjukuu wangu wa kwanza alipokulia. Baba yake ni dereva wa malori, mtu wa kuja na kuondoka, na mtoto alipoanza kutambaa, dukani kulikuwa na pasi ya moto, pini sakafuni na mlango unaofunguka barabarani. Fundi akachana utepe mpana wa kitambaa cha sare, akamfunga mtoto kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa meza. Aliupima kwa uangalifu, kama anavyopima suruali ya bwana harusi: mtoto amfikie mdoli wake, azifikie ndala za wateja, asiifikie pasi. Basi mtoto akanenepa, akacheka, akalamba ndala za watu. Hakuungua hata ukucha.

Siku aliyoingia Mwalimu, alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, cheti bado kina joto. Hana mume, hana mtoto, hana hata paka. Duka limejaa watu.

"Dada! Mtoto si mbuzi!"

"Punguza sauti, nina wateja."

"Waache wasikie! Huu ni ukatili. Mtoto anaongozwa kwa maneno, hafungwi. Mama anayemfunga mwanawe hakustahili kuzaa."

Hilo la mwisho alilisema. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda natia vifungo. Kisha akanyakua mkasi mkubwa mezani, ule wa vitambaa, ambao hata mimi niliyemzaa mwenye mkasi siruhusiwi kukatia karatasi, akaukata utepe. Mtoto akabaki na mkia.

Watu wakacheka. Sisemi walikuwa na ubaya, ila kicheko hakina adabu. Ilipofika jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita binti yangu Mama Mbuzi. "Mama Mbuzi, gauni langu tayari?" Naye anajibu tayari, midomo imebana pini, na mimi peke yangu najua pini zile zilikuwa zinazuia nini.

Yeye angeweza kulimeza. Lakini mtoto akaanza shule, na wenzake wakampokea getini: "Meee! Meee!" Akarudi nyumbani, akaificha sare yake uvunguni, akasema haendi tena. Hapo Fundi akamfuta mdogo wake maishani. Vile vipande viwili vya utepe akavitundika msumarini juu ya cherehani.

"Aje aseme alikosea, hapa hapa, mbele ya watu," akaniambia. "Kabla ya hapo asinikanyagie kizingiti. Na wewe mama usiniletee salamu zake."

Nikafunga mdomo. Si kazi rahisi kwangu.

Mwalimu naye akaolewa. Alipokuwa mjamzito alitusomea sheria za nyumba yake: simu hapana, pipi hapana, kumkaripia mtoto hapana. Hata hilo neno "hapana" mtoto hakutakiwa kulisikia. Mungu anapenda mzaha kunishinda mimi, akampa mvulana anayepanda kabati kama mjusi. Mimi namwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu wa kiume, na ndoa yetu ni ya vurugu.

Majuzi nilikwenda kwa Mwalimu, nikaingia bila hodi, maana hodi ni ya wageni. Mume wangu nimemkuta sebuleni, pipi shavuni, simu inamwimbia, na kiunoni kafungwa ushungi wa mama yake. Ncha ya pili ya ushungi imefungwa kwenye mguu wa kochi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwalimu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, si kama unavyofikiri."

"Mimi nafikiri? Mimi naangalia tu. Shule yangu ni ya msingi."

"Hii ni tofauti. Ni kwa usalama wake. Jana nusura ajimwagie maji ya moto. Wewe humjui huyu mtoto."

"Mimi simjui mtoto? Wewe nilikuokota?"

"Na kumwongoza kwa maneno nimejaribu, mama! Nimeongea mpaka sauti imekauka. Hasikii!"

Kicheko kikaanza kunikauka na mimi. Lakini yeye hakuona. Akaketi, akapangusa jasho, akanilegezea macho yale ya tangu utotoni.

"Tena afadhali umekuja. Msichana wa kazi ameondoka, na mimi Jumatatu lazima niwe darasani. Nilikuwa nawaza... dada yupo dukani siku nzima. Na pale dukani, unajua tena, pana pa kumuweka."

"Pana pa kumuweka wapi?"

Akaukwangua mwiko kwa ukucha.

"Nakuuliza, mwalimu. Pana pa kumuweka wapi? Kwenye mguu upi wa meza?"

Moto ulinipanda kutoka visiginoni. Binti yangu mkubwa kaitwa mbuzi miaka yote hiyo, mjukuu wangu kalizwa getini, na huyu anatafuta kamba ile ile, bure, kwa mtu yule yule!

"Nitamwomba radhi," akasema haraka. "Lakini kifamilia, mama. Aje hapa, tufunge mlango, tuyamalize."

"Umemtukana hadharani, radhi unataka kuiomba uvunguni? Kuchamba kwingi... malizia mwenyewe, mimi ni bibi wa watu."

Mume wangu akavuta ushungi. Kochi likasogea.

Nikavuta pumzi, nikavaa uso wa upole. Ninao mmoja, siuvai ovyo. "Sawa, mwanangu. Hapa hatakuja, nenda wewe. Nenda Jumamosi saa sita mchana. Saa hizo dukani ni kimya, utasikia mpaka saa ya ukutani."

Jumamosi saa sita mchana ndipo kila mtu anapokuja kuchukua nguo zake.

Alipofika mlangoni na mtoto mkononi, duka lilikuwa limefurika. Kinyozi wa jirani alikuwepo, mama mwenye nyumba alikuwepo, nyuma yao wengine. Mwalimu akanitupia jicho. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa hautaki kabisa.

"Shikamoo, dada."

Fundi hakuinua kichwa. Shikamoo ikabaki hewani kama nguo iliyokosa mwenyewe.

Mwalimu akamteremsha mtoto ili azungumze vizuri. Mtoto akaondoka kama jiwe la manati, moja kwa moja kwenye pasi.

"Mwanangu, tunaangalia kwa macho, hatugusi kwa—"

Fundi alishamdaka kwa ukosi wa shati. Vidole vilibakiza upana wa utepe kuifikia pasi.

"Maneno yako hayana mikono," Fundi akasema. Akambeba mtoto kiunoni, akamgeukia mdogo wake, na yale yaliyozuiwa na pini yakatoka. "Unajua mwanangu alipoificha sare nilifanya nini? Nilimshonea nyingine! Nilikesha na mshono, nikidhani wanaicheka nguo. Nikamvalisha mpya, nikamsindikiza mpaka getini, nikasikia kwa masikio yangu wanavyomlilia meee. Nikajua ni wewe. Leo umeniletea wako?"

"Nisamehe, dada."

"Siku ile hukuwa na sauti hiyo."

Mwalimu akatazama watu, akatazama mlango. Nilidhani atakimbia. Kisha akapaza sauti kama yuko darasani: "Nilikosea! Nilisema nisilolijua. Dada alikuwa anamlinda mtoto wake. Na mimi wangu namfunga, kwenye kochi!"

Kinyozi akaachia kicheko. Alipoona kiko peke yake, akakigeuza kikohozi.

Fundi akavishusha vile vipande kutoka msumarini, akavitupa juu ya cherehani. "Ulikata wewe. Unga wewe."

"Dada, mimi sijui kushona."

"Na kulea ulikuwa unajua?"

Mwalimu akakaa. Uzi ukajisokota, sindano ikavunjika, Fundi akampa nyingine. Wateja walisubiri nguo zao na hakuna aliyelalamika. Mshono ukatoka umepinda kama njia ya mlevi, lakini ukashika. Mwalimu akapiga magoti, akamfunga mwanawe kiunoni, na ncha akaifunga pale pale penye kung'aa. Mume wangu akaiona ndala ya kinyozi, akaanza kazi.

Ndipo mjukuu wangu mkubwa akarudi, alikuwa ametumwa vifungo. Akasimama mlangoni. Akamwona mtoto, akauona utepe, akamwona mama yake mdogo yuko chini kwa magoti. Kila mtu dukani anajua anachokisubiri.

Akamchuchumalia mtoto, akalijaribu fundo kwa kidole, akalikaza kidogo. Kisha akamsogelea mama yake mdogo, akaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Meee," akasema, polepole.

Sote tulisikia. Mwalimu akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye hucheka misibani.

Fundi akarudi kwenye pasi yake, akaijaribu joto kwa kidole chenye mate. Ikalia tsss.

"Jumatatu mlete mapema," akasema bila kugeuka. "Na mkasi wangu usiuguse."