Jina la Nane Ukutani

Mwalimu Esnath alihesabu vishikwambi kwa mara ya tatu. Vilikuwa saba, kimoja kwa kila mwalimu wa shule, vile vilivyogawiwa shule baada ya sensa ya watu kwisha. Akianzia juu saba, akianzia chini saba. Lakini ukutani, pale mwanga wa projekta ulipoangukia, majina yalikuwa manane.

Kila Jumatano walimu wenzake walimwazima vishikwambi vyao, naye akawagawa watoto sitini na watatu wa darasa la nne katika makundi saba, kila kundi na chake. Makundi yalijibatiza yenyewe: Simba, Yanga, Twiga, Chai, Ndizi, Parachichi na Kiazi. Wakifungua ile chemsha bongo ya mtandaoni, wanaingiza namba inayoonekana ukutani, wanaandika jina la kundi, maswali yanaanza. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini ya Kiazi, ambapo paliandikwa: Lusungu.

"Nani ameandika hilo jina?"

Watoto sitini na wawili wakikaa kimya kwa pamoja, ujue hata wao hawajui.

"Madam, Lusungu hayupo," alisema Atupele, kiongozi wa darasa. "Wiki ya tatu hii."

"Najua hayupo! Kwani mimi sioni?"

Jumatano ya kwanza alidhani ni utundu wa watoto, akapuuza. Ya pili akawatenganisha watundu, jina likaja vilevile. Leo alikuwa amekagua kila kishikwambi kwa mkono wake, na bado Lusungu alikuwa pale ukutani, anajibu maswali ya hesabu za sehemu. Anajibu polepole, lakini anajibu. Wiki ya kwanza alipata matatu kati ya kumi, ya pili matano, na leo saba. Watoto walikuwa wakigeuka kutazama kiti chake kitupu, na mwalimu naye, miaka thelathini na moja kazini, akajikuta anageuka pamoja nao.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekea. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lazaro, alikwishatangaza: mtoro ambaye hatakuwa ameonekana hadi Ijumaa, jina lake linatoka kwenye orodha ya mtihani wa darasa la nne. Katika daftari la mahudhurio Lusungu alikuwa na sifuri nyekundu mstari mzima. Ukutani alikuwa na saba ya kumi. Mwalimu Esnath alitazama daftari, akatazama ukuta, kichwa kikaanza kumuuma.

Wakati wa mapumziko alimfuata Mwalimu Samira, binti wa Tukuyu mjini aliyekuja kufundisha darasa la tano, ambaye mambo ya mtandao kwake ni kama kumenya ndizi.

"Mtu yeyote mwenye ile namba anaweza kuingia, mama. Hata akiwa Dar."

"Na namba nampa nani mimi?"

Samira akaomba simu yake, akafungua grupu la wazazi wa darasa la nne. Picha ilikuwa pale, ya asubuhi ileile: ukuta, mwanga, namba kubwa katikati na majina ya makundi pembeni. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika, "Maendeleo ya darasa leo," kwa sababu mwalimu mkuu aliagiza wazazi wajulishwe kila kitu. Wazazi kumi na wanne walikuwa wameitikia kwa vidole gumba.

"Si umewapa mwenyewe?" Samira alisema, akijikaza asicheke.

Mwalimu Esnath hakucheka hata kidogo. Alipandwa na hasira. Kumbe mtoto yuko nyumbani, anakaa na simu ya baba yake kama malkia, shule anaichezea huko huko kitandani! Basi kesho atamfuma. Akamwomba Samira afungue chemsha bongo Alhamisi saa nne kamili na kutuma picha kwenye grupu, yeye atakuwa njiani kwenda kwa kina Lusungu.

Alhamisi kijiji cha Isongole kiliamka na ukungu mzito, na mwalimu akatembea amejifunga kitenge juu ya sweta, akipanga maneno makali ya kumwambia mtoto. Hakufika mbali. Njia panda, kwenye kijiwe cha bodaboda, mama mmoja alikuwa amesimama na kiroba cha kabichi, analalamika kwamba hakuna anayetaka kumbeba. Madereva sita walikuwa wameinamia simu moja.

"Theluthi mbili ndiyo kubwa!"

"Acha hizo. Robo tatu. Kata mkate vipande vinne, chukua vitatu, kinabaki kimoja tu."

"Mkate gani huo? Swali halina mkate!"

"Bonyeza, bonyeza, muda unakwisha!"

Aliyeshika simu alikuwa Andongwisye, baba yake Lusungu. Alibonyeza robo tatu, akainua macho, akamwona mwalimu. Akavua kofia haraka.

"Mwaghonile, mwalimu."

Mwalimu alisahau kuitikia salamu. Maneno yake makali yote yalikuwa ya mtoto, na mtoto hakuwepo.

"Lusungu yuko wapi?"

"Nyumbani, na mdogo wake. Mama yao amelazwa Mbeya, wiki ya tatu hii. Mdogo ana miezi minane, na bibi magoti yamemkatalia kabisa."

"Sasa wewe unafanya nini humu kwenye chemsha bongo?"

"Namwitikia," alisema Andongwisye, kama anaeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Niliona kwenye picha majina yanaitwa ukutani, la kwake halipo. Nikaliandika. Si ndiyo mahudhurio?"

Mwalimu akawatazama wale madereva watano, nao wakamtazama.

"Hayo siyo mahudhurio, baba. Ni mchezo wa kujifunzia."

"Mchezo?" mmoja wao aliguna. "Wiki tatu tunatoka jasho hapa, kumbe mchezo?"

Andongwisye hakuguna. "Kwa hiyo kwenye daftari..."

"Hayupo. Na kesho jina linafutwa."

Simu ikalia mkononi mwa Andongwisye: nane ya kumi. Akamwelekezea mwalimu kioo chake.

"Sasa hii nane ni ya nani?"

Mwalimu Esnath aliinama kuisoma ile nane.

"Mimi niliishia la nne," alisema yule baba, kwa sauti ya chini. "Hizi sehemu zilinishinda. Jioni nikirudi nyumbani namwambia Lusungu maswali yote, na yeye ndiye ananielekeza nilipokosea."

Hapo aibu ilimshika mwalimu, akaisikia hadi masikioni. Wiki tatu alikuwa anachora sifuri kwa kalamu nyekundu, na hakuuliza mtu hata mmoja mtoto amepatwa na nini.

"Mlete kesho," alisema. "Mlete na mdogo wake."

"Darasani?"

"Mlete." Mwenyewe hakujua ruhusa hiyo ameitoa wapi.

Ijumaa bodaboda iliingia hadi mlangoni mwa darasa, Lusungu amempakata mdogo wake. Mwalimu Lazaro alikuja na orodha yake, akamtazama mtoto mchanga, akamtazama Mwalimu Esnath.

"Huyu naye ameandikishwa?"

"Bado, mwalimu. Dada yake ndiye ninayemwandika, na yupo."

Mwalimu mkuu akaondoka na orodha yake bila kufuta kitu. Mwalimu Esnath akachora alama ya vema mbele ya jina la Lusungu.

Jumatano iliyofuata aligawa vishikwambi saba. Lusungu alikaa na kundi la Kiazi, na mdogo wake alilala mgongoni mwa mwalimu. Kabla ya kuanza, mwalimu alipiga picha ya ukuta na kuituma kwenye grupu, na safari hii alijua anatuma nini. Majina yakaanza kutokea. Simba, Yanga, Twiga, hadi Kiazi. Darasa likangoja. Kisha likaja la nane: Baba Lusungu.

Watoto wakaangua kicheko, na Lusungu akaficha uso kwa viganja.

Swali la kwanza makundi saba yalijibu upesi. "Madam, twende la pili!" Kiazi walipiga kelele. Kidole cha mwalimu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa.

"Tulieni," alisema. "Kuna mwenzenu mmoja bado anafikiri."