Begi la Kiganjani

Kwa nusu mwaka Herminia Calisaya hakutaka kusikia habari ya begi lenye magurudumu. Ukimtajia tu, uso unakunjamana, na haki alikuwa nayo. Januari iliyopita, kwenye soko la Alasitas, la vitu vidogo vya bahati, pale La Paz, mama yake alimnunulia kijibegi cha kijani chenye magurudumu manne, ukubwa wake kama kiberiti. Alimkabidhi saa sita kamili mchana, kikafukizwa moshi, wakarudi nacho nyumbani. Kila anayepewa kitu kidogo siku ile hutarajia kukipata kikubwa kabla mwaka haujaisha, iwe nyumba, gari, shahada au mume. Basi Julai haijaisha, binamu yake wa Cochabamba akamletea begi la kweli, la kijani, magurudumu manne. Mtaa mzima ulishangilia isipokuwa Herminia. Yeye ni mpiga picha wa arusi, na katika mji ule ukumbi mzuri lazima uwe ngazi mia mbili juu ya barabara. Alilipandisha begi lake kwa kulikumbatia tumboni, magurudumu yakizunguka hewani bila kazi.

Nusu ya vifaa ikabaki palepale ilipokuwa kwa miaka kumi na mmoja, yaani mgongoni kwa mama yake, ndani ya mbeleko ya mistari. Mama huyo, doña Primitiva, alikuwa na miaka sitini na saba, na kwa kofia yake nyeusi ya duara na sketi zake za marinda hakuwahi kukosa arusi hata moja. Lakini mwezi wa Novemba, kwenye ngazi za mtaa wa Pura Pura, aliketi katikati ya safari akashindwa kuinuka kwa robo saa nzima. Daktari akasema mgongo ule usibebe tena mizigo. Herminia aliogopa kweli, na hofu ikamfanya mkali. Akaapa kwamba mwaka huu atachagua mwenyewe begi moja litakalomeza kila kitu, na mama yake apumzike. Kazi ya mama itakuwa moja tu, kumkabidhi, kwa sababu cha kujinunulia mwenyewe hakina nguvu kama cha kupewa.

Walifika kwenye kibanda cha don Casiano saa tano na nusu, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika na jua limeanza kuchoma. Don Casiano alikuwa fundi wa ngozi. Mwaka mzima alishona mabegi makubwa, na Januari alishona yaleyale kwa kipimo cha kiganja.

"Karibu, mteja wangu," alisema. "Mwaka huu nini? Nikutafutie lenye magurudumu sita?"

"Don Casiano, usinianze."

"Basi nimenyamaza. Leo umekuja umejifunga kibwebwe, naona."

Alimwaga mezani kutoka kwenye sanduku lake vifaa vyote vya Herminia katika udogo wao: kamera mbili za mbao, lenzi nne za vifuniko vya kalamu, flashi mbili zilizofungwa karatasi ya fedha, betri za shanga, na stendi ya njiti za kiberiti. Mambo ya Alasitas hayafanywi kwa kubahatisha. Begi likiingia kwenye moshi likiwa tupu, utaletewa begi tupu. Kwa hiyo kila kifaa lazima kiingie kwanza, na kisipoingia leo, ujue hakitaingia mwaka mzima.

La kwanza lilikuwa begi la begani, pana, lenye mkanda mmoja. Vyote viliingia kwa kusukumwa.

"Zuri hilo," alisema doña Primitiva upesi. "Chukua twende tukale."

"Uzito wote bega moja, mama? Hadi keki ikatwe nitakuwa nimepinda."

La pili lilikuwa la mgongoni, jembamba, la ngozi ya kahawia. Kamera zikaingia, lenzi zote nne zikakaa kwenye vyumba vyake, stendi ikafungwa ubavuni. Flashi na betri zikabaki mezani.

"Hili ndilo lenyewe," alisema mama.

"Flashi ziko nje, mama."

"Flashi ni kitu kidogo. Zitapata pa kukaa."

Jicho la Herminia lilikuwa kwenye la tatu, begi kubwa jeusi lenye sponji nene mgongoni na mkanda wa kiunoni wa kuhamishia uzito kwenye nyonga. Zipu yake ilifungukia upande wa mgongo, mahali ambapo mwizi wa kwenye umati hafiki. Lilikuwa hata na kofia yake ya mvua, kipande cha nailoni kilichokunjwa chini. Herminia aliligeuza kiganjani na moyo ukamchangamka. Alijiona Jumamosi akipanda ngazi mikono mitupu, na mama yake ameketi nyumbani miguu juu ya kigoda.

"Utaonekana kama mtu wa kupeleka mitungi ya gesi," alisema doña Primitiva.

"Acha nionekane."

Don Casiano alianza kupanga, kamera, lenzi, stendi, betri, flashi. Akasita. Akainua sanduku lake, akatazama chini ya meza.

"Flashi zilikuwa mbili. Moja siioni."

"Labda upepo," alisema doña Primitiva.

Hapakuwa na upepo. Herminia alimtazama mama yake. Miaka kumi na mmoja ya kutafuta nyuso kwenye arusi ilikuwa imemfundisha kuona mtu anaposhika kitu asichotaka kionekane. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefumba ngumi chini ya mbeleko.

"Mama, fungua mkono."

Doña Primitiva aliufungua polepole. Flashi ilimetameta kiganjani.

Don Casiano akakumbuka ghafla kwamba ana uzi wa kuufungua, akawapa mgongo.

"Kwa nini?" aliuliza Herminia.

"Begi likimeza kila kitu, mimi nitaingia arusini kama nani? Sikualikwa. Naingia kwa sababu nimebeba lenzi zako. Wananipa kiti, wananipa sahani, bendi ikipiga nacheza. Nikibaki nyumbani nitacheza na nani, na paka?" Akavuta pumzi. "Hata yale magurudumu nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hayapandi ngazi. Mimi si mjinga, mwanangu. Nililichagua makusudi."

Herminia alitaka kukasirika. Alikitafuta kile kisirani cha nusu mwaka, akakikosa. Akilini alimwona mama yake ukumbini pale Pura Pura, baada ya ile robo saa ya kutisha, akizunguka na marinda yake katikati ya wageni kama aliyepanda kwa lifti. Yeye mwenyewe aliipiga picha hiyo. Kwa miezi miwili aliiangalia akaona mgongo mgonjwa tu, asiione ile furaha.

"Daktari alisema nini, mama?"

"Alisema mgongo. Hakusema nife kwa upweke." Doña Primitiva akaonyesha kwa kidevu sanamu ya Ekeko juu ya rafu, mzee wa bahati mwenye masharubu, aliyening'inizwa magunia, masufuria na noti mwili mzima. "Mtazame yule. Mvue mizigo yake uone kitakachobaki. Kibabu kinene kimeachama mdomo."

Herminia akacheka mpaka akashika meza, na macho yakamlowa hapohapo. Kengele za makanisa zikaanza kulia. Saa sita. Soko zima likainua mikono yenye nyumba, magari na vyeti kuelekea kwenye moshi.

"Don Casiano, nipe la kahawia," alisema.

"Lile lisilotosha?"

"Ndilo. Mama, utabeba betri."

"Betri na flashi mbili."

"Betri na flashi moja. Nyingine nitaitia mfukoni mwa koti. Na tutaondoka nyumbani nusu saa mapema, tupumzike kila tukichoka."

"Atakayechoka ni wewe," alisema doña Primitiva, lakini akakubali.

Don Casiano akahamishia upesi kamera, lenzi na stendi kwenye begi la kahawia, doña Primitiva akamkabidhi binti yake kwa mikono miwili, mwanamke wa chetezo akapita akalifukiza, wote watatu wakakohoa. Don Casiano akakata kipande cha kitambaa cha mistari, akafunga ndani yake flashi moja na shanga za betri, kikawa kijimbeleko cha ukubwa wa kidole gumba. Akampa Herminia, si mama yake, kwa kuwa alijua nani anapaswa kumkabidhi nani.

Kengele zilikuwa bado zinalia. Herminia akamgeukia mama yake, akakiweka kiganjani mwake. Doña Primitiva alikipitisha kwenye moshi mara tatu, akakibandika begani kwa pini ya shali yake, akajitikisa kidogo kupima uzito.

"Chepesi mno," alisema. "Mwakani tuongeze lenzi."