Mshika Paka wa Kitendaguro

Zabibu wa Kitendaguro alikuwa na paka wawili, na mmoja wao alikuwa mwizi asiye na haya hata chembe. Huyo mwizi, dume nene, Zabibu alimwita Bwana Shauri, maana alitoza kodi kila sahani kama mzungu wa bomani. Jina lenyewe alilitaja kwa sauti ya chini askari wakipita. Mwenzake, Tunu, alikuwa jike jembamba, akila taratibu kama mgeni ukweni. Kabla Tunu hajameza samaki furu wake wa kwanza, Bwana Shauri ameshafagia sahani zote mbili.

Ndipo alipotokea Muharami. Fundi cherehani huyo, aliyefiwa na mkewe, alikuwa anarudi kutoka mjini akasikia Zabibu anapiga kelele uani: "Mwizi! Mwizi!" Akaingia na fimbo. Alipoona ni paka alicheka, akamkamata Bwana Shauri, akampakata mpaka Tunu akamaliza kula. Kesho yake akapita tena. Keshokutwa tena. Mwanamume haingii hovyo kwenye ua wa mjane, watu watasema. Lakini huyu alikuja kushika paka, nani angemlaumu? Jirani Kokwijuka alichungulia kwenye migomba mpaka akachoka, akarudi kupika ndizi zake.

Na Zabibu, mama mtu mzima, akaanza kujipaka wanja kwa ajili ya chakula cha paka! Alasiri ikikaribia moyo unamwenda mbio, anacheka peke yake jikoni. Alimpenda yule fundi, basi.

Halafu akaja mdogo wake Lukmani kutoka Kagoma, mtu wa mikono isiyotulia.

"Dada, unasumbuka bure."

Papo hapo akagongelea sanduku la mbao, akalitoboa tundu dogo, akaweka sahani ya Tunu ndani: Tunu anapita, Bwana Shauri anakwama kichwa.

"Sasa huhitaji mtu wa kukushikia paka!" alisema, akatoka kifua mbele. Zabibu alitamani kumtwanga kwa nyundo yake mwenyewe.

Muharami akabisha hodi. Akamkuta Tunu anatafuna sandukuni kwa raha zake, Bwana Shauri nje analia. Akasimama katikati ya ua, mikono haina kazi.

"Kumbe mmeshapata dawa," alisema, uso umemshuka. "Basi, Bi Zabibu, mimi niwaache."

Akageuka. Zabibu akaona ndiyo basi tena. Kesho hana sababu ya kuja, wala keshokutwa. Aibu akaitupa huko. Akachukua panga la shambani, akalivamia lile tundu: paa! paa! paa! Vipande vya mbao viliruka mpaka migombani, na Kokwijuka akatoka mbio, mwiko mkononi. Bwana Shauri hakungoja kukaribishwa. Alizama ndani mzimamzima, Tunu akachomoka.

"Haya," Zabibu alisema akihema, panga bado mkononi. "Sasa anapita. Njoo umshike!"

Muharami alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akafuta machozi, akamtazama yule mwanamke na lile panga lake.

"Lukmani yuko wapi?"

"Barazani, anajisifu. Unamtakia nini?"

"Nakwenda kumposa dada yake, waitu, Bi Zabibu, kabla hajagongelea sanduku lingine."