Chausiku Haachwi Langoni

Usingizi unanichukua mchana, nimeketi mkekani na mjukuu wangu mapajani, naye analia. Analia tangu juzi. Kwetu mtoto akilia hivi, tumbo limeshiba na homa hana, tunasema analilia jina, na wakubwa humtajia majina ya ukoo moja moja mpaka anyamaze. Kesho ndiyo siku ya kumpa jina. Mama yake, mkwe wangu Zulfa, anataka Rayana. Mimi nataka awe somo yangu, aitwe Chausiku kama mimi, maana katika ukoo mzima nimebaki nalo peke yangu, na nikifa nitazikwa nalo. Zulfa ananijibu kwa upole huku ananiwekea mto mgongoni. Mama, mimi mkwe, jina lako silitamki. Mwanangu nitamwitaje? Akimwaga uji nitamkemeaje? Nacheka, nafumba macho, na kilio cha mtoto kinageuka kuwa barabara.

Naifuata. Barabara inanyooka, inapinda, inarudi nilipotoka, na kila nikirudi mji ni mwingine ingawa milango ni ile ile. Pembeni yangu anatembea mtu asiye na uso, pale pa uso pamelainika kama sabuni iliyotumika sana. Hapa ni wapi, namuuliza. Ni pale ambapo mlango hauna komeo ila jina, anasema. Simwelewi, lakini mdomo ninao, basi naita, Chausiku. Milango yote inafunguka. Wanatoka wanawake wenye ndoo, wenye unga mikononi, mmoja kitana kimemkwama kwenye nywele, wote wanaitika abee, halafu wanaangaliana na kuangua kicheko. Chausiku yupi sasa, wa kwa fundi au yule mwenye maneno mengi? Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa msichana, ukiliita jina hili kisimani nusu ya ndoo zinatuliwa chini. Tunakwenda, barabara inazunguka, mji ni ule na si ule, naita tena. Inafunguka milango michache, wanachungulia vikongwe, na mmoja ananiambia, punguza sauti, mwenzangu, wajukuu wanatucheka, wanasema hili jina la wachawi. Tunazunguka, naita. Hakuna mlango unaofunguka. Kuta zimekuwa vioo, na katika kila kioo kuna bibi mmoja kaachama, naye ni mimi.

Mbele kuna lango. Asiye na uso anasimama na kunyoosha mkono. Bibi, anasema, nguo iliyovaliwa na wengi ikabaki kwa mmoja, huvuliwa hapa. Ng'ambo ya lango naona majina mapya yameanikwa kama kanga dukani, mazuri kwelikweli, Rayana limo linameremeta, wala silichukii. Na nyuma ya majina hayo nasikia mjukuu wangu analia. Liache, anasema, upite ukamchukue mtoto. Siliachi, namwambia, na mtoto nitamchukua. Ni jina la giza, anasema. Wewe huna hata uso, namwambia, utanifundisha giza? Kaa nikueleze. Mama yangu alishikwa na uchungu usiku, mvua imekata njia, mkunga hafiki. Aliyekuja ni jirani waliyenuniana naye msimu mzima kwa sababu ya mbuzi. Alishika kibatari mpaka mafuta ya moto yakamchuruzika mkononi, na hakuhamisha mkono, kwa kuwa ule mwingine alikuwa amemshika mama. Asubuhi mama akamwambia, mpe jina wewe. Akasema, Chausiku, mtoto wa usiku wetu. Kila Chausiku wa kisimani alikuwa na usiku wake, na mtu aliyeamka akaja. Mimi nikiitwa, nasikia miguu ya yule jirani kwenye tope.

Asiye na uso anasema, atakayelibeba hajaombwa ruhusa. Hapo neno lake linanigusa. Basi akikua asipolipenda atalivua mwenyewe, namwambia, lakini wewe hutamvua kabla hajalivaa. Sogea. Hasogei. Nampita bega kwa bega, najaza kifua, naita jina langu kwa sauti niliyokuwa nayo ujanani, na ng'ambo ya lango kilio kinakatika.

Nafumbua macho. Niko mkekani, mto mgongoni, mapaja matupu. Nyumba kimya. Kisha nasikia sauti ya Zulfa kutoka chumbani, ya chini, ya kubembeleza. Chausiku, anasema. Chausiku wangu. Tangu aolewe hapa hajawahi kulitamka jina hilo. Ama mtoto amekwisha kupewa jina, ama bado niko kwenye mji ule na mlango unaoitwa sasa ni wangu. Zulfa anaita tena. Abee iko kwenye ncha ya ulimi. Naizuia. Namwachia somo yangu aitike kwanza.